Twendeni Amani na Watoto Wetu

Mfanyakazi wa nchi hii ana haki ya kupumzika siku 28 mfululizo kwa kila mwaka wa kazi, na mshahara wake haukatwi. Haki hiyo imeandikwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Haikuletwa na upepo. Wazee wetu waliokata mkonge mashambani, waliopakua shehena bandarini na waliolaza mataruma ya reli, waliidai miaka mingi kwa vyama vyao, wakati ambapo kupumzika kwa mtu mweusi kulihesabiwa kuwa ni uvivu. Kwa hiyo likizo si zawadi ya tajiri. Ni sehemu ya ujira.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kujua kuitumia ni jambo jingine. Leo twapenda kuwauliza ndugu zetu wa Nguvumali, na wa mitaa yote ya Tanga: siku hizo 28 zaenda wapi? Wako waendao makwao kulima, kuoza binti, au kuhani msiba. Hao wamefanya jambo la haki na la adabu. Wako watafutao kibarua cha pili kwa sababu mshahara hautoshi, nao hatuwezi kuwalaumu. Lakini wako wengi ambao siku hizo huwaishia barazani penye bao, na watoto wao huwaishia barabarani, hata siku ya kurudi kazini ikifika mtu hawezi kusema kuwa amepumzika, wala hawezi kusema kuwa amefanya kazi.

Ukimwambia mtu kama huyo amchukue mkewe na watoto waende wakalale msituni siku mbili, atacheka. Atakujibu kwamba safari za porini ni mambo ya Wazungu, watu wa kofia pana na kamera shingoni. Mwafrika, atasema, msitu aujua tangu kuzaliwa, na akitaka kuona miti atautazama mwembe wa jirani. Usemi huo twausikia kila siku. Leo twataka kuupinga, tena kwa hoja.

Twasema hivi: kila jamaa ya mfanyakazi wa Tanga yafaa iende, angalau mara moja kabla watoto hawajamaliza shule, ikalale usiku mmoja au miwili katika msitu wa Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Hatusemi hivyo kwa ajili ya starehe peke yake, ijapokuwa starehe ya halali ni haki ya kila mtu afanyaye kazi. Twasema hivyo kwa sababu msitu ule ni mali yetu, na mali isiyojulikana na mwenyewe huchukuliwa na wengine mchana kweupe.

MAJI YA BOMBA YATOKA WAPI?

Tuanze na jambo linalomgusa kila mtu nyumbani kwake. Mama wa Nguvumali afunguapo bomba asubuhi kujaza ndoo yake, maji yale hayakuzaliwa ndani ya bomba. Yametoka katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978 katika mto Zigi. Na mto Zigi nao hauanzii Mabayani. Waanzia juu milimani, ambako vijito vingi vyatiririka chini ya kivuli cha miti mikubwa, vikakutana kimoja kimoja, vikawa mto. Mto huo hushuka mpaka Tanga, ukapita karibu na mapango ya Amboni, kisha ukaingia baharini.

Huko juu Amani mvua inyeshayo kwa mwaka ni milimita zipatazo 1,900. Mvua hiyo ingeanguka juu ya mlima ulio uchi, ingeshuka kwa siku moja ikiwa na hasira, ikabeba udongo mwekundu, ikaujaza bwawani, kisha mwezi wa pili yake tungekaa na kiu. Lakini penye msitu mambo huwa mengine. Majani hulipokea tone la mvua na kulivunja nguvu. Majani makavu yaliyorundikana chini hulinywa kama sifongo. Mizizi huushika udongo usiondoke. Kisha maji hayo huachiliwa polepole, usiku na mchana, hata katika miezi ya jua kali. Hiyo ndiyo sababu mto Zigi huendelea kutiririka wakati ambapo mito mingine ya pwani imebaki mchanga mtupu.

Basi msitu wa Amani ni tangi la maji la mji wa Tanga, ambalo hakuna mhandisi aliyelijenga na hakuna serikali iliyokopa fedha kulinunua. Likipasuka, hatutaweza kulitengeneza kwa saruji ya Pongwe. Udongo ukizidi katika mto, bwawa hupungua kina, dawa ya kusafishia maji hutakiwa kwa wingi zaidi, na gharama hiyo haimwendei mtu mwingine ila yule alipaye ankara mwisho wa mwezi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hati fungani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupata fedha za kupanua huduma ya maji. Hizo ni fedha nyingi sana. Ni jambo la busara basi kwamba wanaokunywa maji hayo wajue yanakotoka, kwa maana mabomba mapya hayana faida mto ukikauka.

SAFARI YENYEWE

Tuchukue mfano wa jamaa moja ya Nguvumali: baba, mama, watoto wanne, na nyanya yao ambaye hakubali kuachwa nyuma. Yawafaa kuchagua miezi ya kiangazi, yaani Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba, kwa sababu katika masika barabara ya milimani huwa utelezi, na magari hukwama. Mwezi wa Juni una faida moja zaidi, kuwa shule hufungwa.

Wakitoka Tanga asubuhi watapita Pongwe na Ngomeni, wafike Muheza, mwendo wa kilomita 40 hivi kwa barabara ya lami. Muheza ni mji wa machungwa, na mwenye busara hununua kapu zima hapo, maana huko juu watoto wataona njaa kuliko kawaida. Kutoka Muheza barabara yaelekea milimani kwa kilomita 30 na kitu. Kwanza ni mashamba ya minazi, michungwa na mihogo. Kisha upepo wabadilika. Joto la pwani lapungua, na watoto waliokuwa wakijipepea kwa madaftari waanza kuuliza sweta ziko wapi. Ndiyo maana twashauri kila mtu awe na sweta, koti la mvua, viatu vinavyofunika vidole, na kurunzi. Mtu wa Tanga asiyepata kuondoka pwani hawezi kuamini kwamba kuna baridi ya namna ile kwa safari ya nusu siku.

Mahali pa kwanza pa kupumzika ni Zigi, kwenye lango la hifadhi. Hapo pana nyumba ya zamani ambayo fundi wa reli ataitazama kwa jicho la peke yake. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni, katika njia kuu ya Tanga, hadi hapo Zigi, ili kuteremsha magogo ya msituni. Reli yenyewe imekwisha toweka, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki, na leo ndiyo mahali pa kupokea wageni na kuwapa maelezo. Mtoto akiuliza reli ilikwenda wapi, aambiwe kweli: ilikuja kuchukua miti, na miti ilipokwisha kuchukuliwa hakuna aliyeihitaji tena.

Toka Zigi njia yapanda kwa kona nyingi, kutoka vimo vya mita mia chache tu juu ya bahari hadi Amani penyewe, ambako ni zaidi ya mita 900. Hapo miti hufunga juu ya gari kama paa la msikiti. Mwanga wa jua huwa wa kijani kibichi. Mbega wenye manyoya meusi na meupe hukaa juu ya matawi kama wazee wa baraza, nao kima hupita mbio wakitikisa majani. Asiyepata kuisikia sauti ya hondohondo arukapo juu ya msitu atadhani kuna mashine inayokuja, kwani mabawa yake huvuma.

NYUMBA YA MSITUNI

Huko Zigi na Amani ziko nyumba za kulala wageni. Tusiwadanganye wasomaji wetu. Si hoteli za vioo. Ni nyumba za kawaida zenye vitanda safi, mablanketi, baraza ya kukalia, na watu wa kupika ikiwa wamepewa taarifa mapema. Mwenye kutaka magodoro ya kuzamia na muziki wa usiku kucha amekosea njia. Lakini mfanyakazi aliyezoea kelele za mashine, au kondakta aliyeshinda mwaka mzima katika honi za magari, ataona usiku wa kwanza jambo ambalo hakuwahi kulinunua kwa fedha, nalo ni ukimya. Kisha atagundua kuwa si ukimya mtupu. Vyura huimba, wadudu hujibu, na komba hulia mbali gizani. Watoto watasogea karibu na mama yao. Asubuhi watajisifu kuwa hawakuogopa.

Wala pasiwe na hofu ya simba. Msitu wa Amani hauna simba, wala hauna tembo. Hilo kwa watu wengine ni sababu ya kuudharau, kwa maana wamefundishwa kwamba porini pasipo na simba hapana kitu. Sisi twasema kuwa hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Katika mbuga za Serengeti mtu hufungwa ndani ya gari kama mzigo, akatazama kwa dirishani. Amani mtu hutembea kwa miguu yake, na mtoto wa miaka saba huweza kushika gome la mti, kunusa jani, na kuuliza maswali. Mwongozaji ambaye ni kijana wa kijiji cha hapo hapo humjibu. Safari ya gari huonyesha, lakini safari ya miguu hufundisha.

MAMBO YA KUWAONYESHA WATOTO

Na mafundisho yenyewe si haba. Katika msitu huo yuko chura mdogo ambaye hatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio hai. Wataalamu wa dunia nzima humstaajabia, kwa sababu vyura wa tabia hiyo ni wachache mno. Yuko kinyonga dume mwenye pembe tatu usoni kama silaha za vita, ambaye jina lake la kitaalamu limetokana na Derema, mahali palipo katika milima hiyo hiyo. Yuko ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyegunduliwa hapo na wataalamu katika miaka ya 1930, na ambaye mahali anapoishi duniani ni pachache kabisa.

Kisha lipo ua. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa wilaya hii, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau kwenye mawe yenye kivuli, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa ya mtawala huyo. Leo ua hilo lauzwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Mamilioni ya watu wamelimwagilia maji bila ya kujua kwamba asili yake ni milima ambayo mtoto wa Nguvumali aiona kwa mbali siku isiyo na mawingu. Na huyo mtoto wa Nguvumali naye hajui. Hapo ndipo penye aibu. Mgeni asipojua si kosa lake, lakini mwenyeji asipojua amejidhulumu mwenyewe.

Iko pia bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, hekta zipatazo 300, moja kati ya bustani kubwa za namna hiyo katika Afrika. Humo mna mdalasini, mkafuri, mpira, minazi ya kila aina, na miti iliyoletwa kutoka Asia, Amerika na visiwa vya bahari. Humo ulipandwa mti wa mkwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Ujerumani zilipozuiwa baharini, ndipo Amani ilipotengeneza dawa ya kwinini kwa askari wa Wajerumani. Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916. Wakaigeuza kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika ya Mashariki, hata mwaka 1948 kituo hicho kilipohamishiwa Muguga karibu na Nairobi. Baadaye pakawa makao ya utafiti wa malaria.

Wafanyakazi wa mkonge wana sababu yao ya peke yao ya kwenda kupaona. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 ilisalimika 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Lakini ule mkonge chotara wa namba 11648, unaolimwa Afrika ya Mashariki hata Uchina, ulitokana na kazi ya kuchanganya mbegu iliyoanzwa Amani na kuendelezwa Mlingano. Mkata mkonge aliyechomwa na miiba yake maisha yake yote anastahili kujua ulikozaliwa.

JASHO LA NANI?

Hapa hatuna budi kusema neno moja ambalo mabango ya wageni hayasemi. Vitabu vya Amani vimejaa majina ya mabwana waliogundua hiki na kupanda kile. Lakini ile miche iliyoletwa kwa meli haikupanda mlima kwa miguu yake. Kulikuwa na watu walioibeba vichwani. Barabara za kona kona zilichimbwa na mikono. Ndege na vyura waliowekwa katika chupa walishikwa kwanza na vijana wa kijijini waliojua kila mti na kila shimo. Wasambaa waliijua dawa ya majani, mti wa kujengea na mti wa kuchongea mizinga, kabla ya mtaalamu yeyote kufika na daftari lake. Walikuwa na misitu ya mizimu ambayo haikukatwa, kwa sababu wazee walikataza, na makatazo ya wazee yalisikilizwa kuliko sheria za serikali.

Watu hao majina yao hayakuandikwa. Na mara walipokwisha kufanya kazi hiyo, waliambiwa kuwa msitu ni wa Serikali ya Kaisari, na atakayeonekana na shoka atakamatwa. Hivyo ndivyo mwananchi alivyotengwa na msitu wake, na hivyo ndivyo alivyozoea kudhani kwamba msitu ni mali ya bwana. Usemi kwamba safari za msituni ni mambo ya Wazungu asili yake ni huko. Haukutoka kwa babu zetu. Ulitoka kwenye lile bango la marufuku. Mfanyakazi wa leo aingiapo Amani na watoto wake, akalipa kiingilio cha raia ambacho ni kidogo kuliko cha mgeni, akatembea kichwa wazi, amelijibu lile bango.

Tena tusidhani kuwa baada ya Uhuru makosa yalikwisha. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 mashine za kupasua mbao ziliingia katika misitu ya Usambara Mashariki, zikaangusha miti iliyokuwa na umri wa vizazi vingi. Palipoachwa wazi, mti mgeni uitwao musizi, ulioletwa kutoka mahali pengine, ulienea upesi, kwani hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu. Ukataji huo ulisimamishwa katika miaka hiyo ya 1980. Mwaka 1997 ndipo Amani ilipotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza katika Tanzania, yenye hekta 8,380. Mwaka 2000 Shirika la UNESCO liliitambua milima ya Usambara Mashariki kuwa hazina ya viumbe hai ya ulimwengu. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 zikaja habari za dhahabu huko Sakale, na watu kwa maelfu wakamiminika kuchimba kandokando ya vijito vya Zigi, mpaka walipoondolewa. Maji ya mji wetu yaliguswa na tope lile. Ni wangapi katika sisi tuliojua?

TUSIMSAHAU JIRANI WA MSITU

Liko jambo jingine ambalo msafiri mwenye akili atajifunza akizungumza na wenyeji. Msitu si wa bure kwa yule anayeishi ukingoni mwake. Wakulima wa Derema walikuwa na mashamba ya iliki chini ya miti. Iliki ndiyo iliyowalipia karo za watoto na bati za nyumba. Ilipoamuliwa kuwa sehemu ile ihifadhiwe ili kuunganisha misitu miwili, wakulima zaidi ya 1,000 walipoteza mashamba yao ya iliki, nao walilipwa fidia katika miaka ya 2000. Wengi walilalamika kuwa malipo hayakulingana na mali waliyoiacha, na kwamba ardhi ya kuhamia ilikuwa mbali.

Tusipite jambo hilo kimya kimya. Sisi wa mjini twanywa maji. Wao wameacha iliki. Haki yataka kwamba anayenywa amkumbuke aliyeacha. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, kwa ajili ya kulima bila ya kuharibu vyanzo vya maji: kupanda miti, kutengeneza matuta, na kuacha kingo za mito bila ya jembe. Kazi yao ni kazi yetu. Na msafiri anunuapo asali, iliki, mdalasini au ndizi kijijini, akamlipa mwongozaji ujira wake bila ya kubishana kupita kiasi, ameilipa sehemu ndogo ya deni hilo. Mkulima aonaye kwamba msitu ulio wima humletea fedha hana haja ya kulazimishwa na mtu kuulinda.

WENYE HOJA YA FEDHA

Twajua jibu tutakalopewa. "Maneno mazuri, lakini fedha ziko wapi?" Hoja hiyo ni ya kweli nasi hatuicheki. Nauli ya watu saba, kiingilio, malazi na chakula kwa siku mbili si mchezo kwa mtu wa mshahara wa chini. Mtu akitaka kwenda peke yake kwa gari la kukodi, ataona ni afadhali alale.

Lakini tangu lini mfanyakazi alifanikiwa kwa kwenda peke yake? Watu wa mtaa mmoja huchangiana arusi ya mamilioni kwa wiki chache. Akina mama wa Nguvumali huzungusha fedha za upatu mwaka mzima bila ya hati wala polisi, na hakuna anayedhulumiwa. Kwa nini basi jamaa kumi zisianzishe mfuko wa safari, kila mwezi kidogo kidogo, wakakodi basi moja likawachukua wote, na sufuria zao, mchele wao na maharagwe yao? Basi lililojaa hugawa gharama, na chungu kimoja hulisha wengi. Haba na haba hujaza kibaba.

Matawi ya vyama vya wafanyakazi nayo yana wajibu wake. Chama kisichojua kazi nyingine ila kukata ada na kuandaa fulana za Mei Mosi kimejipunguzia heshima. Tawi la kiwanda, la bandari au la shule laweza kuandika barua kwa hifadhi, likapanga safari ya jamaa za wanachama mara moja kwa mwaka. Waajiri waombwe gari. Wengi wanayo yanayolala uani siku za Jumamosi. Walimu wasingoje mpaka wapate wafadhili, kwani somo la mvua na mito hueleweka kwa siku moja chini ya miti kuliko kwa muhula mzima ubaoni.

Na wale waliokabidhiwa hifadhi, nao twawakumbusha kwa heshima. Barabara ya kutoka Muheza itazamwe kabla ya masika na wala si baada yake. Nyumba za wageni zitunzwe kwa ajili ya mwananchi kama zitunzwavyo kwa mgeni. Bei zibandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili, ili mtu ajue gharama kabla ya kuondoka nyumbani. Mwananchi akifika langoni na watoto wake asitazamwe kwa mashaka kana kwamba amepotea njia. Mwenye nyumba hapotei njia ya kwenda nyumbani kwake.

MWISHO

Wako watakaosema kuwa nchi ina mambo makubwa kuliko matembezi. Ni kweli, yapo. Lakini maji ni jambo kubwa, na watoto ni jambo kubwa. Sheria ya kulinda msitu huandikwa mjini, na watakaoisimamia au kuivunja miaka ishirini ijayo ni hawa watoto ambao leo wacheza mpira wa makaratasi katika vichochoro vya Nguvumali. Mmoja wao atakuwa mhandisi wa maji. Mwingine atakuwa diwani atakayeletewa mezani ombi la kukata miti. Mwingine atakuwa mama anayejaza ndoo. Mtoto aliyepata kulala Amani, akanywa maji ya kijito kabla hayajafika bwawani, akaona kwa macho yake jinsi tone la mvua lipokelewavyo na jani, hatahitaji kuhubiriwa siku hiyo ikifika. Atajua anachokilinda.

Asiyeujua msitu wake hawezi kuudai, na asiyeudai hataulinda. Basi ndugu wafanyakazi, kalenda ya likizo itakapobandikwa ukutani kazini, kila mtu aandike jina lake, kisha arudi nyumbani awaambie watoto wake watafute sweta. Amani si mbali.